Kujifunza RFID ukiwa Lubumbashi: kuanzia meza ya majaribio mpaka mlango wa depo

Mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji, gunia la unga wa mahindi, kreti ya bia, fungu la bamba za shaba linalosubiri lori la kwenda mpakani Kasumbalesa: vyote vinapita kila siku kwenye maghala ya Lubumbashi, na kila kimoja kinataka RFID ya namna yake, yaani tagi au lebo ndogo inayobandikwa kwenye kitu na kusomwa na kisomaji kwa mawimbi ya redio. Ndiyo maana somo hili halianzii kwenye kisomaji. Linaanzia kwenye kitu chenyewe: kina chuma au maji ndani yake, kinapita mbali kiasi gani na mlango, na ni nani atakayekishika. Anayenunua vifaa kwanza na kuuliza maswali haya baadaye hujikuta na sanduku la lebo elfu moja zisizosomeka.

Tagi inavyojibu

Tagi ya kawaida haina betri. Ina chipu iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, na antena ya waya au ya alumini nyembamba. Kisomaji kinatoa mawimbi ya redio, antena ya tagi inayanasa, umeme kidogo unaopatikana unaiamsha chipu, nayo inajibu kwa kubadilisha jinsi inavyoyarudisha au kuyavuta mawimbi yale yale. Harry Stockman aliandika juu ya mawasiliano kwa nguvu inayorudishwa tangu mwaka 1948, kwa hiyo wazo si geni. Lililochelewa ni chipu za bei ndogo.

Shika jambo moja kutoka hapo, maana litakuokoa mara nyingi: tagi isiposomeka, kwa kawaida si kisomaji kilichoshindwa kusikia. Ni chipu iliyokosa umeme wa kuamka. Unapotafuta kosa, jiulize kwanza ni nini kimezuia nguvu isifike.

Masafa yanayotumika zaidi ni ya makundi matatu. La chini ni kilohezi 125 na 134.2. Hili hufanya kazi kwa sumaku, husoma kwa sentimita chache tu, na hupita kwenye maji, tope na nyama bila kusumbuka. Hereni na chipu za mifugo hutumia 134.2 kwa kanuni za ISO 11784 na 11785, kwa namba ya tarakimu 15. Kundi la kati ni megahezi 13.56: kadi za benki, pasi za kusafiria, NFC ya simu. Kadi za ISO 14443 husomwa ndani ya sentimita 10 hivi. Lebo za ISO 15693, zile za maktaba, zinaweza kukaribia mita moja kwa antena kubwa. Kundi la juu, linaloitwa UHF, liko kati ya megahezi 860 na 960. Hili husoma kuanzia mita moja hadi kumi, mamia ya tagi kwa sekunde, na ndilo la depo na malori. Kanuni yake ni ISO 18000-63, maarufu kwa jina la EPC Gen2.

Kitu kinachoshikwa mkononi kimoja kimoja, chukua 13.56. Vitu vingi vinavyopita kwa pamoja bila kufunguliwa, chukua UHF. Mnyama, au kitu kilicholowa na kuchafuka kinachosomwa kwa karibu, chukua masafa ya chini. Usianze kwa kusema unataka umbali mkubwa. Kisomaji kinachoona mbali kupita kiasi huleta taabu sawa na kisichoona, kwa sababu kitahesabu hata mzigo wa jirani.

Meza ya kwanza: 13.56 kwa gharama ndogo

Anza hapa hata kama lengo lako ni UHF. Vifaa ni vya bei nafuu, na makosa hayaumizi mfuko. Unahitaji bodi moja ya ESP32, ambayo ni kompyuta ndogo ya kuandikia programu, moduli mbili za RC522, ambazo ndizo visomaji (moja itaungua au itakuja mbovu, zichukue mbili kwa agizo moja), kadi mbili za MIFARE Classic 1K, stika tano za NTAG213, nyaya saba za kike kwa kike, kebo ya USB inayopitisha data, na chuma cha kulehemu kidogo. Kebo nyingi za simu zinachaji tu. Kompyuta isipoiona bodi, badilisha kebo kabla ya kulaumu kingine.

Moduli ya RC522 kwa kawaida huja na pini zake pembeni, hazijalehemiwa. Zilehemu. Pini zilizochomekwa tu bila risasi hugusa leo na kuacha kesho, na utapoteza siku nzima ukitafuta kosa kwenye programu. Kisha unganisha hivi:

- SDA ya moduli kwenye pini 5 ya ESP32
- SCK kwenye 18
- MOSI kwenye 23
- MISO kwenye 19
- RST kwenye 22
- GND kwenye GND
- 3.3V kwenye 3V3

Pini ya IRQ iache wazi. Usiipe moduli hii volti 5 hata kwa sekunde moja. Wengi hujifunzia kwa bodi ya Arduino Uno, na mara nyingi inakubali, lakini pini za Uno hutoa ishara za volti 5 kwa chipu iliyotengenezwa kwa 3.3. ESP32 inaondoa mashaka hayo.

Kwenye programu ya Arduino, weka bodi za ESP32, kisha maktaba iitwayo MFRC522, na ufungue mfano wa DumpInfo. Mfano umeandikwa kwa ajili ya Uno: mstari wa RST una 9, wa SS (ndiyo SDA ya moduli) una 10. Badilisha ziwe 22 na 5, weka dirisha la maandishi kwenye kasi ya 9600, pakia. Ikitokea namba ya toleo 0x91 au 0x92, uko salama. Ukiona 0x88 au 0x12, ni chipu ya kuiga, na nyingi hufanya kazi ingawa kwa umbali mfupi zaidi. Ukiona 0x00 au 0xFF, waya au lehemu imekosea, usiguse programu.

Weka kadi juu ya moduli na usome kinachotoka. Kadi ya 1K ina sekta 16, kila sekta vibao 4, kila kibao baiti 16, jumla 1024. Kibao namba 0 kimeandikwa na kiwanda. Kibao cha mwisho cha kila sekta, yaani 3, 7, 11 na kuendelea, hubeba funguo mbili na kanuni za ruhusa. Ukiandika huko ovyo, sekta nzima hufungwa na haifunguki tena. Kwa hiyo fanya zoezi lako kwenye kibao 4: andika baiti 16, zisome, zima umeme, washa, soma tena. Ufunguo wa kadi mpya ni FF mara sita. Ukimaliza, badilisha ufunguo wa sekta moja kwa makusudi kwenye kadi ya pili, ujaribu kuisoma kwa ufunguo wa zamani. Ona inavyokataa. Zoezi hili dogo linafundisha usalama kuliko maelezo mengi.

Lakini usiiuze MIFARE Classic kama ulinzi wa chumba cha pesa. Usimbaji wake uitwao Crypto1 ulivunjwa hadharani na watafiti mwaka 2008. Namba ya kadi, ile inayosomeka mara ya kwanza, nayo si siri: kuna kadi za bei ndogo zinazokubali kunakiliwa namba yoyote. Mlango wenye thamani nyuma yake unataka kadi za DESFire EV2 au EV3 zenye usimbaji wa AES. Kadi ya mahudhurio ya wafanyakazi kwenye karakana inaweza kubaki ya kawaida, mradi patroni ameelezwa hivyo waziwazi.

Stika za NTAG213 zina baiti 144 tu za kuandikia, na simu nyingi za Android zenye NFC huzisoma. Hapa pana biashara ya kwanza unayoweza kuanza bila mtaji mkubwa: kadi ya huduma ya jenereta. Mji wenye jenereta nyingi kama huu una mafundi wengi wanaosahau tarehe ya kubadili oili. Bandika stika, andika namba ya mashine, fundi aguse kwa simu kila anapohudumia. Jenereta ni chuma, kwa hiyo nunua stika yenye tabaka la feraiti mgongoni. Ya kawaida hufa papo hapo ikigusa bati.

Kisomaji cha USB na kibodi ya Kifaransa

Kosa hili hukuta karibu kila anayeanza huku kwetu. Visomaji vingi vya mezani vya bei ndogo hujifanya kibodi: unagusa kadi, namba inajiandika penye kishale, kisha Enter. Vimetengenezwa kwa mpangilio wa Kimarekani. Kompyuta yako iko kwenye AZERTY, ambako tarakimu zinataka Shift. Matokeo yake, badala ya 0012 unapata àà&é. Kisomaji si kibovu. Ongeza kibodi ya Kiingereza cha Marekani kwenye Windows na uichague kabla ya kusoma, au tafuta kisomaji ambacho mpangilio wake unaweza kubadilishwa kwa programu ya mtengenezaji.

La pili ni Excel. Hiyo huondoa sifuri za mbele, na kwenye namba ndefu, tarakimu zinazozidi 15 huzigeuza kuwa sifuri. Namba ya UHF kwa kawaida ina herufi 24, za 0 hadi 9 na A hadi F. Ikiwa yote ni tarakimu, au ina E moja katikati, Excel itadhani ni hesabu ya vipeo na kuiharibu bila kukuuliza. Fanya safu nzima kuwa maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza. Baada ya kuharibika hakuna dawa, ni kusoma upya.

Kuingia UHF

Kwa kujifunza, tafuta kisomaji kidogo cha USB cha mezani au cha mkononi, na pakiti za tagi za aina tatu tofauti: lebo ya karatasi, ya plastiki ngumu, na ya kubandikwa juu ya chuma, kumi kumi. Lebo ya karatasi ni senti chache za dola ukinunua maelfu. Ya chuma huanza karibu na dola moja na kupanda. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuua mradi, kwa hiyo ijue mapema.

Kabla ya kuwasha, angalia eneo la masafa. Vifaa vingi kutoka China hufika vikiwa kwenye mpangilio wa Marekani, megahezi 902 hadi 928. Kwetu simu za GSM hutumia 880 hadi 915 kupeleka sauti kwenye mnara. Kisomaji chako kitakuwa kinapiga kelele ndani ya njia ya simu za watu. Weka mpangilio wa Ulaya, 865 hadi 868, ambao kwa nguvu ya wati 2 hutumia njia nne: 865.7, 866.3, 866.9 na 867.5. Na ikiwa unafunga kwa mteja, si kwa kujifunza tu, wasiliana na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, kuhusu idhini ya kifaa kabla ya kukiagiza. Chagua pia tagi zinazofaa masafa hayo. Zile zilizotengenezwa kwa Marekani peke yake zitasomeka kwa karibu tu, nawe utadhani kisomaji ni dhaifu.

Kumbukumbu ya tagi ya Gen2 ina sehemu nne. Ya kwanza huweka nywila mbili za biti 32, moja ya kufungia na moja ya kuiua tagi kabisa. Ya pili ni EPC, namba unayoiandika wewe, kwa kawaida biti 96. Ya tatu ni TID, iliyoandikwa na kiwanda na isiyobadilika. Ya nne ni ya mtumiaji, na tagi nyingi za bei ndogo hazina. Unapoandika EPC, anza kwenye neno namba 2, siyo 0, kwa sababu maneno mawili ya mwanzo hubeba hesabu ya ukaguzi na urefu wa namba. Neno moja ni biti 16, kwa hiyo biti 96 ni maneno sita. Wengi huharibu tagi zao za kwanza kwa kuanzia 0.

Usijaze tagi jina la bidhaa, bei na tarehe. Andika namba tu, mengine yakae kwenye hifadhidata. Bei ikibadilika unabadilisha mstari mmoja, siyo tagi elfu. Na baada ya kuandika, weka nywila na ufunge EPC. Nywila ya kiwandani ni sifuri tupu. Tagi iliyoachwa hivyo inaweza kuandikwa upya na yeyote mwenye kisomaji.

Chuma na maji

Hapa ndipo miradi hufia, na ndipo fundi mzuri huonekana. Mwaka 2003 Walmart ya Marekani iliwataka wauzaji wake wakubwa 100 waweke tagi kwenye maboksi na paleti ifikapo Januari 2005. Hao walikuwa na pesa na wataalamu, na bado vinywaji na makopo yaliwashinda kwa sababu zile zile utakazozikuta wewe.

Chuma hurudisha mawimbi, na yale yanayorudi huyafuta yanayokuja pale pale kwenye uso wake. Lebo iliyobandikwa juu ya bati iko mahali ambapo nguvu karibu haipo. Zaidi ya hapo, chuma huitoa antena kwenye masafa yake. Fanya jaribio hili mwenyewe: bandika lebo ya karatasi kwenye bati, soma; hakuna kitu. Weka sponji ya milimita 5 kati yake na bati, soma. Itaanza kuonekana kwa karibu. Ongeza hadi milimita 20, umbali unakua. Tagi za chuma hufanya hivyo hivyo, ila ndani zina seramiki au plastiki maalumu badala ya sponji.

Maji yenyewe huyanywa mawimbi. Bidoni la maji la lita 20 linaficha tagi iliyo nyuma yake kabisa, na mwili wa mbebaji vilevile. Mafuta ya mawese, kinyume chake, hayanyonyi mawimbi hivyo, kwa hiyo bidoni la mawese husomeka vizuri zaidi kuliko la maji lenye umbo lile lile. Unga mkavu hauna tatizo. Bia ina maji: tagi iwekwe kwenye ukuta wa nje wa kreti, siyo penye chupa. Hidroksidi ya kobalti husafirishwa ikiwa na unyevu ndani ya mifuko mikubwa, kwa hiyo tagi yake ining'inie nje kwenye mkanda, isilale kwenye tumbo la mfuko. Bamba za shaba ni chuma kitupu: tagi ya chuma peke yake, na ikae ubavuni mwa fungu, mahali ambapo fungu jingine halitaifunika.

Mtungi wa oksijeni au asetileni ni kitu kigumu kuliko vyote, kwa kuwa ni chuma, umejikunja, unagongwa na kuburutwa. Tagi ndogo ya seramiki huwekwa karibu na shingo, chini ya kofia ya ulinzi, kwa gundi ya epoksi. Safisha rangi na vumbi kwanza, futa kwa alkoholi, bandika, na uuache saa 24 kabla ya mtu kuugusa. Vumbi jekundu la kiangazi hung'oa tagi. Gundi hushika vumbi, vumbi halishiki mtungi.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo usilikubalie mteja aliruke. Chukua vitu halisi kumi kutoka kwenye depo yake, siyo maboksi matupu. Weka aina tatu za tagi. Soma kwa nusu mita, mita moja, mbili na tatu, kitu kikielekea pande nne. Andika kila tokeo. Kisha, ukiwa kwenye umbali utakaotumika kazini, punguza nguvu ya kisomaji desibeli moja moja mpaka tagi ipotee. Ikiwa ilipotea baada ya kupunguza 6 au zaidi, una akiba ya kutosha; ikipotea kwa 2, itakuaibisha siku ya mvua. Desibeli 6 ni nguvu mara nne, na umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inayofika hushuka hadi robo. Hesabu hizo mbili zikae kichwani.

Tazama pia magunia yakipangwa. Tagi zikilala moja juu ya nyingine mahali pale pale, huzuiana. Waambie wabandikaji wabadilishe mahali kidogo, gunia moja juu, jingine chini.

Antena na mlango

Antena ya mlango iwe ya mzunguko, ile isiyojali tagi imelala au imesimama. Unapoteza desibeli 3 hivi lakini huhitaji kumfundisha mpakiaji namna ya kushika gunia. Kebo iwe fupi. Kebo nyembamba ya aina ya LMR-195 hupoteza karibu desibeli 0.36 kwa kila mita. Mita 10 zimekula zaidi ya nusu ya nguvu uliyolipia. LMR-400 hupoteza 0.13 hivi. Ni nene na ngumu kukunja, ila kwenye mlango wa lori hakuna mjadala. Wala usiwashe kisomaji chenye tundu lisilo na antena; nguvu ikirudi ndani inaweza kukiunguza.

Kisomaji kitaiona tagi moja mara mia wakati lori likipita. Programu yako lazima iamue kwamba hizo mia ni tukio moja: tagi ikionekana, andika mara moja, kisha ipuuze mpaka itoweke kwa sekunde 10 au zaidi. Ili ujue imeingia au imetoka, weka antena mbili, moja upande wa ndani na nyingine nje, ulinganishe ipi iliiona kwanza na kwa nguvu gani. Kwenye Gen2 kuna vikao vinne, yaani namna nne za tagi kukumbuka kwamba imekwisha kujibu: S0 kwa mezani, S1 kwa mlango, S2 au S3 kwa kuhesabu ghala zima, kwa sababu humo tagi iliyokwisha kujibu hunyamaza kwa muda na kuziachia nyingine nafasi.

Tagi zilizopangwa karibu na mlango ni adui wa hesabu. Punguza nguvu mpaka kisomaji kione njia tu. Ikishindikana, chora mstari sakafuni, na sentineli asimamie kwamba hakuna mzigo ndani ya mita tatu. Mstari wa rangi mara nyingi hufanya kazi kuliko programu.

Umeme na radi

Umeme wa SNEL ukikatika, mlango haupaswi kupofuka. Kisomaji cha wati 15, ruta ya 10 na kompyuta ndogo ya 10 ni wati 35. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Tumia nusu tu ili isife mapema, toa upotevu wa inveta, utabaki na saa 14 hivi. Data iandikwe kwanza kwenye kompyuta ya mlangoni, ndipo itumwe mtandao ukirudi. Mfumo unaosimama kila intaneti inapokatika utaachwa ndani ya mwezi, na watu watarudi kwenye daftari kwa haki.

Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua na radi. Antena ya nje iwekewe kizuia radi kwenye kebo na waya wa ardhi wa kweli, siyo uliofungwa kwenye nondo ya dirisha.

Kuuza kazi hii

Chagua mteja mwenye hasara unayoweza kuihesabu. Anayekodisha mitungi ya gesi ni mfano bora: kila mtungi una thamani kubwa, unakaa kwa mteja kwa wiki, na ugomvi wa nani ana upi haumaliziki. Tuseme ana mitungi 800, na kila mwaka 20 haijulikani iliko. Mwulize bei ya mtungi mmoja mpya, zidisha kwa 20. Hiyo ndiyo dari ya thamani yako kwa mwaka, kabla ya kuongeza saa za kuhesabu. Kisha jumlisha upande wa pili: tagi 800 na asilimia 10 ya akiba, kisomaji cha mkononi, gundi, siku za kubandika, programu, ushuru wa kuingiza vifaa, mafunzo, na ziara za matengenezo. Wengi husahau mawili ya mwisho, wakaja kufanya kazi bure.

Wengine wanaofaa: dobi za kambi za migodi zenye sare nyingi, stoo za zana kwenye karakana kubwa, maegesho ya malori yanayotaka kujua saa ya kuingia na kutoka, shule zinazotaka kadi za 13.56. Butiki ya hapa mjini, kwenye komini ya Kenya au Katuba, yenye bidhaa mia mbili haihitaji RFID. Mwambie mwenyewe hivyo, umfungie msimbo wa mistari. Kesho atakuletea mwenye depo.

Fanya majaribio ya siku 30 kwa vitu 50, na muandikiane mapema nini kitaitwa mafanikio: kwa mfano, vitu 49 kati ya 50 visomwe mlangoni bila mtu kusimama, siku 20 mfululizo. Wakati huo daftari la zamani liendelee. Kila jioni linganisha daftari na mfumo, na kila tofauti itafutiwe sababu yake kwa jina: tagi imeng'oka, mpakiaji alipitia mlango wa nyuma, au umeme ulizimwa. Mlango wa nyuma ndio utakaouona mara nyingi zaidi.

Zungumza na wapakiaji na sentineli kabla ya kubandika chochote. Wakidhani mfumo umekuja kuwafukuza, tagi zitaanza kudondoka zenyewe. Waonyeshe kwamba mzigo ukipotea njiani, rekodi itaonyesha ulitoka mlangoni mzima, na shofa au mpakiaji hatakatwa mshahara kwa kosa lisilo lake.

Kwenye kila tagi chapa pia namba inayosomeka kwa macho, ili siku kisomaji kikiharibika kazi isisimame. Na siku ya kukabidhi, acha kwa mwenye depo bahasha yenye nywila za tagi, nakala ya mipangilio ya kisomaji pamoja na eneo la masafa, mchoro wa nyaya, na orodha ya TID za tagi zote ikilinganishwa na namba za mitungi. Bahasha hiyo iandikwe kwenye fakture kama sehemu ya mzigo uliouza.